TEKNOLOJIA: Hatari zinazojificha baada ya kunakili patisheni ya diski

MWISHO wa Juni huwa msimu wa mavuno kwa wenye maduka ya huduma za mtandao mtaani Mtopanga, eneobunge la Kisauni, kaunti ya Mombasa. Kila mwenye nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) hutakiwa awe amewasilisha taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia kufikia Juni 30, na kwa kuwa Wakenya wengi hungoja hadi siku za mwisho, foleni hurefuka hadi barazani. Katika siku kama hizo, tarakilishi inayosuasua ni hasara tupu.

Chukulia basi mwenye duka mmoja ambaye, ili kujiandaa kwa msimu huo, ananunua diski mpya ya SSD mwanzoni mwa mwezi. Fundi anaifunga ndani ya tarakilishi kando ya ile ya zamani, ananakili patisheni yenye Windows, anaizima mashine na kuiwasha tena. Inawaka. Kila kitu kiko mahali pake: picha ya skrini ni ile ile, folda ni zile zile. Fundi analipwa, anakwenda zake.

Wiki tatu baadaye, mwenye duka anaamua kuuza diski ya zamani. Anaichomoa, inafutwa katika mashine nyingine, inapata mnunuzi. Jioni anawasha tarakilishi yake na kukumbana na kioo cheusi chenye ujumbe kwamba kifaa kinachohitajika hakipatikani. Baada ya hangaiko la saa nyingi, diski mpya inafunguka, lakini ndani yake kumeganda siku ile ya kunakili. Barua, daftari la wadeni, vyeti vya wateja vilivyochanganuliwa na stakabadhi zote za wiki tatu hazimo. Kumbe muda wote huo mashine ilikuwa ikifanyia kazi diski ya zamani, ile iliyokwisha kufutwa.

Mfano huu hauhitaji fundi mzembe ili utokee. Chanzo chake ni dhana iliyoenea kwamba programu ya kunakili ikisema imemaliza, basi kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba hatua zinazofuata kunakili ndizo huamua iwapo nakala hiyo itakuwa msaada au mtego.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Windows 11 hudai vifaa ambavyo tarakilishi nyingi kuukuu hazina, ikiwemo chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0. Matokeo yake ni kwamba wengi wanabadilisha diski, wanahamia mashine nyingine za mitumba au wanaweka mfumo wa Linux kando ya Windows. Kazi zote hizo huwalazimu kugusa patisheni.

Patisheni ni nini?

Diski moja inaweza kugawanywa katika vyumba kadhaa, mithili ya nyumba ya kupangisha ya Kiswahili iliyo na ukumbi mmoja na vyumba kila upande. Kila chumba ndicho patisheni. Chumba kimoja kinaweza kuwa na mfumo wa kuendesha tarakilishi, kingine picha na hati za mwenyewe, na kingine kidogo kilichofichwa kikawa na programu ya kuwashia mashine.

Mpango wa vyumba hivyo huandikwa mwanzoni mwa diski. Kuna mitindo miwili ya kuuandika. Ule wa zamani, MBR, hutumia sekta ya kwanza yenye baiti 512, huruhusu patisheni kuu nne tu, na kwa diski za kawaida zenye sekta za baiti 512 hauwezi kuvuka terabaiti mbili hivi. Mtindo mpya, GPT, huruhusu vyumba vingi zaidi na diski kubwa mno, na huhifadhi nakala ya pili ya mpango huo mwishoni mwa diski.

Kunakili faili na kunakili patisheni ni mambo mawili tofauti. Anayenakili faili huhamisha vyombo vya ndani ya chumba. Anayenakili patisheni huhamisha chumba kizima: kuta zake, mpangilio wa vyombo, vitu vilivyofichwa na hata kitambulisho kilichobandikwa mlangoni. Hicho kitambulisho ndicho kiini cha matatizo mengi.

Mapacha wenye kitambulisho kimoja

Mifumo ya kisasa haiitambui diski kwa rangi wala kwa mahali ilipochomekwa. Huitambua kwa nambari. Katika diski za MBR, Windows husoma sahihi ya baiti nne iliyoandikwa katika sekta ya kwanza. Katika zile za GPT, diski yenyewe na kila patisheni huwa na nambari ndefu ya biti 128. Linux nayo huipa kila patisheni iliyoandaliwa nambari iitwayo UUID, na ndiyo inayotajwa katika faili ya fstab inayoeleza kila chumba kifunguliwe wapi.

Programu ya kunakili inapofanya kazi yake kwa uaminifu, hunakili nambari hizo pia. Hapo hupatikana mapacha wawili wenye kitambulisho kimoja ndani ya mashine moja. Matoleo ya Windows kuanzia Vista, yakikuta diski mbili zenye sahihi moja, huiweka moja kando na kukataa kuifungua. Mwenyewe huona diski imetoweka na kudhani imeharibika, ilhali ni nzima kabisa.

Katika Linux, matokeo hutegemea aina ya mfumo wa faili. XFS hukataa kufungua patisheni ya pili yenye UUID iliyokwisha kufunguliwa. Btrfs ni hatari zaidi, kwa sababu waundaji wake wanaonya kwamba kufungua mfumo huo huku pacha wake akionekana katika mashine hiyo hiyo kunaweza kuharibu data. Ext4 huweza kufunguka bila kelele, lakini mashine inapoambiwa ifungue chumba chenye nambari fulani, haijulikani itachagua kipi.

Upande wa pili wa tatizo ni pale patisheni moja tu inaponakiliwa na kuwekwa katika diski yenye sahihi nyingine. Hapa hakuna mapacha, lakini kuna kumbukumbu za zamani. Windows huweka ndani ya madaftari yake orodha inayosema herufi ya C ni ya diski yenye sahihi fulani na mahali fulani. Orodha hiyo huja pamoja na nakala, na bado inaitaja diski ya zamani. Hali kadhalika, orodha ya kuwashia iitwayo BCD inaweza kuwa inaelekeza kwenye patisheni ya zamani.

Ikiwa diski ya zamani bado imechomekwa, mashine huifuata orodha hiyo kama ilivyoandikwa. Programu ya kuwashia ya diski mpya huanza kazi, husoma BCD, kisha hufungua Windows iliyo katika diski ya zamani. Wakati mwingine Windows mpya hufunguka kweli, lakini ikaipa diski ya zamani herufi ya C na kujiita yenyewe D, huku ikichota faili zake huku na huku. Haya ndiyo yaliyomkuta mwenye duka katika mfano wetu.

Kanuni ya kwanza: tenganisha

Kinga ya balaa hilo haigharimu hata senti. Mara tu kunakili kunapokamilika, tarakilishi izimwe kabisa, waya wa umeme uchomolewe, na diski ya zamani itolewe kabla mashine haijawashwa tena. Uwashaji wa kwanza ufanywe diski mpya ikiwa peke yake.

Ikiwa peke yake, mashine haina pa kukimbilia. Itawaka kutoka diski mpya, au itakataa na kuonyesha kasoro iliyopo. Kukataa ni habari njema, kwa kuwa kasoro inaonekana mapema wakati nakala ya awali ingali salama juu ya meza.

Baada ya mashine kuwaka, programu ya Windows ya kusimamia diski ifunguliwe ili kuthibitisha kwamba patisheni yenye herufi ya C ndiyo iliyoandikwa kuwa ya kuwashia, na kwamba ukubwa wa diski inayoonekana ni ule wa diski mpya. Katika Linux, amri ya lsblk huonyesha patisheni ipi imefunguliwa wapi. Ukaguzi huu huchukua dakika mbili.

Endapo diski ya zamani itahitajika tena ndani ya mashine hiyo, kitambulisho chake kibadilishwe kwanza. Ni vyema kuichomeka katika mashine nyingine na kuipa sahihi mpya kwa programu ya diskpart, au kubadilisha UUID kwa kutumia tune2fs kwa patisheni za ext4 na xfs_admin kwa zile za XFS. Jambo la kuzingatia ni kutobadilisha kitambulisho cha diski inayowasha mashine bila kurekebisha orodha zinazoitaja, yaani BCD kwa Windows na fstab pamoja na GRUB kwa Linux. Anayebadilisha jina la mtu bila kuwaambia wanaomtafuta asishangae barua zikipotea.

Mashine inapokataa kuwaka

Tatizo la pili kwa ukubwa ni lile la nakala iliyo kamili lakini isiyowaka. Sababu yake ni kwamba programu ya kuwashia mara nyingi haikai ndani ya patisheni iliyonakiliwa. Katika mashine za zamani zinazotumia BIOS, sehemu ya kwanza ya programu hiyo huwa katika sekta ya kwanza ya diski, nje ya patisheni zote. Katika mashine mpya zinazotumia UEFI, hukaa katika patisheni ndogo ya peke yake, aghalabu ya megabaiti mia moja au zaidi kidogo, ambayo mtumiaji wa kawaida haioni. Aliyenakili C pekee amehamisha chumba cha kulala na kuacha mlango wa mbele.

Kwa Windows, tiba ni kuwasha mashine kwa flashi yenye faili za kusakinisha Windows, kuingia sehemu ya kurekebisha, na kutumia amri ya bcdboot ambayo huandika upya faili za kuwashia na kuzielekeza kwenye Windows ya diski mpya. Katika diski za MBR, patisheni ya kuwashia lazima pia iwe imetiwa alama ya kuwa hai. Kwa Linux, fundi huwasha kwa flashi, hufungua patisheni mpya, hurekebisha fstab, kisha husakinisha GRUB upya.

Kabla ya yote hayo, ni busara kuangalia mipangilio ya mashine yenyewe. Huenda bado imeagizwa kuanza na diski isiyokuwepo, au inatafuta kwa mtindo wa UEFI ilhali diski imegawanywa kwa MBR.

Iwapo Windows inaanza kufunguka kisha inaanguka na ujumbe wa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kosa huenda liko kwa kiendeshi. Hili hutokea sana pale nakala inapohamishwa kutoka diski ya SATA kwenda ile ya NVMe, ambayo huzungumza na mashine kwa njia tofauti. Mara nyingi kuiwasha katika hali salama mara moja huifanya Windows ipakie kiendeshi kinachofaa, na baada ya hapo huwaka kama kawaida.

Nafasi iliyopotea na mwendo wa kobe

Kuna wanaonunua diski ya gigabaiti 500, wakanakili patisheni ya gigabaiti 120, kisha wakashangaa kuona mashine inadai nafasi imejaa. Nakala huja na vipimo vyake vya awali, na sehemu iliyobaki ya diski hukaa kama kiwanja kisichojengwa. Patisheni inapaswa kupanuliwa, na mfumo wa faili uliomo nao upanuliwe. Programu ya GParted hufanya yote mawili kwa pamoja. Programu ya Windows ya kusimamia diski pia huweza, ila hushindwa pale patisheni ya urekebishaji inapokaa katikati ya C na nafasi tupu. Hapo patisheni hiyo ndogo husogezwa kwanza hadi mwisho.

Kasoro nyingine haionekani kwa macho. Patisheni zilizoundwa enzi za Windows XP zilianzia sekta ya 63. Diski za kisasa husoma na kuandika kwa mafungu ya baiti 4,096, na patisheni inayoanzia hapo hukaa upogo, hivi kwamba andiko moja hugusa mafungu mawili. Tangu Vista, patisheni huanzia megabaiti moja kutoka mwanzo wa diski, yaani sekta ya 2,048, na hukaa sawia. Anayenakili patisheni kuukuu sekta kwa sekta huenda akauhamisha upogo huo hadi kwenye SSD na kujiuliza mbona kasi aliyoahidiwa haionekani.

Nakala ya kilicho kibovu

Nakala haiwezi kuwa bora kuliko asili yake. Mitaa ya pwani kama Mtopanga ina joto, unyevu na upepo wa chumvi utokao baharini, mambo ambayo hula viungio vya chuma ndani ya tarakilishi isiyofungwa vyema. Diski ikianza kusoma kwa kusitasita au kutoa mlio wa kugongagonga, hiyo ni dalili kwamba siku zake zinahesabika.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuanza kuikarabati diski ya namna hiyo kwa programu ya chkdsk kabla ya kunakili. Ukarabati huo huilazimisha diski mgonjwa kufanya kazi nzito, na huenda ikakata roho katikati. Ipasavyo, nakala ichukuliwe kwanza kwa programu kama ddrescue, ambayo huvuna sehemu nzima kabla ya kurudia zile zenye kasoro, na ukarabati ufanywe juu ya nakala.

Aidha, Windows haina budi kuzimwa kikamilifu kabla ya kunakiliwa. Tangu Windows 8, kubonyeza kitufe cha kuzima katika mashine nyingi hakuizimi kabisa, bali huhifadhi sehemu ya hali yake ndani ya diski ili iwake haraka kesho yake. Nakala ya patisheni iliyo katika hali hiyo ni sawa na picha ya mtu aliyeinua mguu. Kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuzima huondoa tatizo hilo.

Umeme nao ni wa kuchungwa. Kunakili diski kubwa huchukua saa kadhaa, na Wakenya hawajasahau usiku wa Agosti 25, 2023 ambapo sehemu kubwa ya nchi ilitumbukia gizani kwa pamoja. Tarakilishi ya mezani inayonakiliwa bila kifaa cha UPS inaachwa kudura za mwenyezi. Umeme ukikatika, nakala husalia nusu, na programu iliyokuwa ikihamisha patisheni badala ya kuinakili inaweza kuacha pande zote mbili zikiwa zimeharibika. Nakala iliyokatika isirekebishwe. Kazi ianze upya.

Msiba mkubwa kuliko yote hata hivyo hauletwi na umeme. Huletwa na mkono unaobadilisha pande, ukanakili diski tupu juu ya diski iliyojaa. Diski mbili za ukubwa mmoja hufanana katika orodha, na programu nyingi huuliza swali moja tu kabla ya kufuta. Fundi makini huandika nambari ya utengenezaji ya kila diski katika karatasi kabla ya kuanza, kisha huilinganisha na ile iliyo kwenye skrini. Hamwamini kumbukumbu yake.

Nakala moja, mashine ishirini

Shule, vyuo na maduka ya mtandao huwa na desturi ya kuandaa mashine moja vizuri na kuinakili katika nyingine zote. Desturi hii si ngeni. Programu ya Ghost, iliyobuniwa nchini New Zealand katika miaka ya tisini na kununuliwa na kampuni ya Symantec mwaka 1998, ilienea duniani kwa sababu ya kazi hiyo, hadi uuzaji wa Norton Ghost ulipokomeshwa mwaka 2013. Leo wengi hutumia Clonezilla, programu ya bure iliyotengenezwa nchini Taiwan.

Kwa miaka mingi palikuwa na ubishi iwapo ni lazima kila mashine ya Windows iwe na nambari yake ya usalama, iitwayo SID. Mtaalamu Mark Russinovich, aliyekuwa ametengeneza programu ya NewSID ya kubadilisha nambari hizo, aliiondoa mwaka 2009 akieleza kwamba mashine zenye SID moja hazikuwa na madhara kama ilivyodhaniwa. Microsoft hata hivyo iliendelea kushikilia kwamba njia halali ni kutumia Sysprep, chombo kinachofuta utambulisho wa mashine kabla haijanakiliwa.

Ubishi huo ulipata jibu mwaka 2025. Masasisho ya Windows 11 matoleo ya 24H2 na 25H2, pamoja na Windows Server 2025, yaliyotolewa kuanzia Agosti 29 mwaka huo, yaliongeza ukaguzi wa SID. Mashine zenye nambari moja zilianza kukataana katika mtandao wa ndani: watumiaji waliingiza nenosiri sahihi na bado wakanyimwa kufungua folda za pamoja. Mkuu wa maabara ya shule ambaye mashine zake zilinakiliwa bila Sysprep anaweza kuamka asubuhi moja na kukuta hakuna inayozungumza na nyingine, ilhali hajagusa chochote.

Linux ina kisa kama hicho. Faili ya machine-id ikinakiliwa katika mashine ishirini, baadhi zinaweza kupewa anwani moja ya mtandao na kuanza kusukumana. Funguo za SSH nazo zikifanana, aliyepata ufunguo wa mashine moja ameweza kujifanya nyingine yoyote. Yote mawili yafutwe kabla ya kunakili ili kila mashine ijitengenezee yake.

Diski iliyofungwa kwa siri

Tarakilishi nyingi za kisasa hufunga diski kwa BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kujua. Patisheni iliyofungwa ikihamishiwa mashine nyingine, au mipangilio ya kuwasha ikibadilishwa, skrini hudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiyekuwa nao hana njia ya kuingia, na hakuna fundi anayeweza kumsaidia. Ufunguo huo utafutwe na kuandikwa mahali salama kabla ya bisibisi kugusa mashine.

Zipo programu zinazonakili Windows ikiwa imewaka. Hizi husoma data iliyokwisha kufunguliwa, na nakala yake hutoka ikiwa wazi. Mwenyewe huendelea kuamini kuwa siri zake zimefungwa, kumbe diski mpya inaweza kusomwa na yeyote atakayeiokota. Baada ya kunakili, ni lazima kuhakikisha kwamba ulinzi umewashwa tena.

Nini hatima ya diski ya zamani?

Diski iliyonakiliwa haijawa tupu. Ingali na kila kitu. Kwa mwenye duka la Mtopanga, hii ina maana ya nakala za vitambulisho vya wateja, taarifa zao za ushuru, vyeti vya kuzaliwa na barua za kuomba kazi. Kuifuta kwa njia ya haraka huondoa fahirisi tu. Yaliyomo hubaki na huweza kufufuliwa kwa programu zinazopatikana bure.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka anayeshughulikia data za watu wengine azilinde zisifikie mikono isiyostahili. Duka dogo halijaachwa nje ya wajibu huo kwa sababu ya udogo wake. Anayeuza diski yenye vitambulisho vya watu anawauza wateja wake pamoja nayo.

Utaratibu mzuri ni kuibandika diski ya zamani karatasi yenye tarehe ya kunakiliwa, kuiweka kabatini kwa mwezi mmoja hivi, na kutoigusa. Katika muda huo, diski mpya ifanyiwe kazi zote za kawaida: kuchapisha, kufungua faili za miaka ya nyuma, kusasisha mfumo. Mwezi ukipita bila kasoro, na nakala nyingine ya akiba ikiwepo, ndipo diski ya zamani ifutwe kwa kuandikwa juu mwanzo hadi mwisho. SSD hufutwa kwa amri maalumu ya mtengenezaji wake, kwa maana kuandika juu peke yake hakufikii pembe zake zote. Diski isiyofanya kazi tena itobolewe au ivunjwe.

Hiyo nakala ya akiba ni jambo la kusisitizwa. Aliyehamisha patisheni kutoka diski moja hadi nyingine, kisha akaifuta ya kwanza, hana nakala mbili. Anayo moja, kama alivyokuwa nayo jana. Wataalamu hupendekeza ziwepo nakala tatu za data muhimu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na jengo lenyewe. Kwa duka la mtaani, diski ya nje inayopelekwa nyumbani kila jioni inatosha kuanzia.

Turudi kwa yule mwenye duka. Kilichomponza si ubovu wa diski wala ujinga wa fundi. Ni kwamba hakuna aliyechomoa waya mmoja na kuiwasha mashine mara moja ikiwa na diski mpya pekee. Dakika tano za ukaguzi zingemwonyesha kasoro siku ile ile, wiki tatu kabla ya foleni ya Juni. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na katika kazi ya diski, tahadhari hiyo huanza pale ambapo programu inaandika kwamba kazi imekamilika.